Kiuno cha Suruali ya Kaka

Dada yangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba paka wa hapa dukani amejifungua watoto wanne juu ya suti ya mwalimu mkuu. Mwenye suti bado hajaambiwa. Mimi mzima, na kipara kinaendelea kushamiri.

Siku ya mazishi uliniuliza kwenye simu Kaka ameondokaje, nikakuambia ni mgongo. Nilikudanganya, Dada.

Tangu aanguke kutoka kwenye jengo alikuwa akimeza zile dawa kali za maumivu, za jamii ya afyuni. Mgongo ulitulia. Kisha akaanza kuniletea suruali nimpanulie kiuno. Nilikipanua mara tatu.

"Mwashi gani wewe mwenye kitambi cha bosi!" nikamtania.

Akacheka, halafu akaninong'oneza, "Fundi, leo siku ya tisa sijapata choo. Usimwambie Dada, atapanda ndege bure."

Nikamwambia ale matunda.

Daktari alinieleza baadaye kwamba dawa zile hulaza utumbo, na zinaweza kudhoofisha kinga ya mwili. Utumbo wa Kaka uliziba, ukatoboka, vijidudu vikaingia kwenye damu, na mwili haukuwa na nguvu ya kupigana navyo. Maumivu ambayo yangetushtua, dawa iliyaficha.

"Mngemleta wiki moja kabla," akasema.

Wiki moja kabla, Dada, alikuwa amesimama hapa dukani, mikono juu, nami nampima tumbo kwa futi huku nikicheka.

Mdogo wako,
Fundi