Hodi Iliyopofusha Jicho la Fotoni

Same, Alhamisi jioni. Jua la leo lingekaanga karanga bila sufuria. Upepo ulizoa vumbi lote la uwanja wa mpira na kulimwaga kwenye sahani yangu ya wali, na wala sikulalamika. Nilitaka kuandika habari hii kitaalamu, nimefuta mara tatu, imeshindikana. Naisema hivi hivi.

Leo nimesikia mwanga ukigonga, punje moja baada ya nyingine.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa mjini. Umri umevuka hamsini, kitambi kinatangulia kuingia darasani, mimi nafuata. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimewaambia watoto wa watu kwamba mwanga husafiri kama wimbi, lakini ukifika unafika punje punje, na punje hiyo inaitwa fotoni. Nimechora ubaoni, nimetunga mitihani, nimewakata maksi waliokosea. Mimi mwenyewe sikuwahi kuishuhudia fotoni hata moja. Nilikuwa kama katekista anayefundisha habari za malaika.

Halafu, wiki tatu zilizopita, akaja Nakijwa.

Huyu nilimfundisha kidato cha tano na cha sita. Alikuwa anakaa karibu na dirisha na kuuliza maswali ambayo mimi niliyajibu kwa "tutaliona kipindi kijacho," hadi akamaliza shule bila kipindi hicho kufika. Sasa ni daktari wa fizikia, mtafiti wa chuo kikuu. Kazi yake ni kutuma ufunguo wa siri kwa kutumia fotoni moja moja. Kila punje inabeba kipande kidogo cha ufunguo, na utamu wake ni kwamba mdokozi wa njiani hawezi kuchungulia bila kuivuruga punje. Akichungulia, anaacha alama. Naomba mlishike hilo, maana litanirudia usoni.

Alikuja na sanduku la vifaa: leza ya zambarau, fuwele ndogo kama punje ya mchele wa Kihurio, vioo, kompyuta, na macho manne. Macho ni jina letu la nyumbani. Kitaalamu ni vigunduzi, vidude vinavyoweza kuhisi fotoni moja tu. Alitaka kujua kama jaribio la kweli la utafiti linaweza kufanyika katika shule ya kawaida. Likifanikiwa, sanduku linabaki hapa. Likishindikana, Jumamosi anapanda nalo basi, na shule nyingine itajaribu bahati yake.

Jaribio lenyewe halihitaji digrii. Leza inapiga fuwele, na mara chache fotoni moja inageuka kuwa mapacha wawili. Pacha wa kwanza anakwenda kwenye jicho la shahidi, linalotuambia kwamba mwenzake yuko njiani. Pacha wa pili anakutana na kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Nyuma ya kioo kuna macho mawili, la kushoto na la kulia. Kama mwanga ni wimbi tu, utagawanyika, na macho yote mawili yatalia pamoja. Kama unafika punje punje, litalia la kushoto au la kulia, basi.

Macho matatu kazini, moja la akiba.

La akiba halipo tena, na hapa ndipo ninapovua kofia na kukiri.

Tulifanyia kazi katika stoo ya zamani ya maabara. Madirisha tuliyafunika kwa mablanketi. Meza ni bamba la zege tulilolimwaga wenyewe, limelala juu ya mipira ya ndani ya baiskeli ili lori likipita barabarani vioo visicheze. Mlangoni tukaning'iniza pazia zito jeusi, maana mlango wenyewe ulishaliwa na mchwa ukabaki fremu. Nakijwa alinipa sheria moja tu: macho yakiwa yamewashwa, pazia halifunguliwi. Jicho lililozoea kuhesabu punje moja moja ukilimwagia jua la Same, linapofuka.

Nikasema nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa, kama mkubwa.

Jumanne ya wiki iliyopita Nakijwa alikwenda kula, akaniachia mitambo ikihesabu. Nje Mzee Kajiru, mlinzi wetu, akapiga hodi. Na mimi, mtoto niliyelelewa mlimani, ambako mgeni hasimamishwi nje kama kuni, kinywa changu kikasema "Karibu" kabla kichwa hakijaulizwa.

Akakaribia. Amebeba chai. Alilifungua pazia lote, akasimama pale pale mlangoni na kuanza kunisalimu kwa Chasu, Kipare chetu, salamu kamili, isiyoruka mtu: mke, watoto, ng'ombe, mahindi, goti langu. Na mimi nikamjibu yote. Ndiyo. Nilikuwa naona jua limeingia hadi mezani, na bado nikamweleza habari za goti.

Alipoondoka, jicho la kushoto lilikuwa limeharibika. Lilihesabu mfululizo hata gizani, likiona mwanga usiokuwepo.

Nakijwa alirudi, akauliza kumetokea nini. Ningeweza kusema. Lakini yule ni mwanafunzi wangu, na mimi ndiye niliyewahi kumsimamisha nusu saa kwa kuvunja kipimajoto.

Nikasema umeme ulicheza.

Katika nchi hii hakuna uongo unaokubalika kwa urahisi kuliko huo. Hakuniuliza la pili. Akaweka jicho la akiba, tukaendelea, na mimi nikalala vizuri. Naona haya kuandika, lakini nililala vizuri.

Leo asubuhi wakati wa chai ndipo mambo yalipobadilika. Nakijwa alikuwa anaandika ripoti yake, akanisomea kipande. Kilisema kwamba umeme wa eneo hili haufai kwa vifaa laini kama hivi. Nikauliza sentensi hiyo ina uzito gani. Akasema, bila kuinua macho, kwamba hata jaribio likifaulu, sentensi hiyo peke yake inatosha kuondoa sanduku.

Nikaliweka andazi chini. Vijana wangu wa kidato cha sita wamekuwa wakilitazama pazia lile kwa wiki tatu kama watu wanaonusa pilau ya jirani. Na wataikosa kwa sababu mwalimu wao aliona haya.

Nikafungua mdomo. Nikaomba sukari.

Saa nane mchana tukaingia kwa mara ya mwisho. Dakika kumi za kuhesabu, giza tupu, joto la kuivisha ndizi. Feni hairuhusiwi, inatikisa meza. Namba zikaanza kupanda kwenye kompyuta, ambayo tuliifunika kwa sanduku la katoni lenye tundu la kuchungulia. Dakika ya kwanza, ya tatu, ya tano. Moyo unanidunda hadi nikaogopa nitatikisa meza mimi badala ya feni.

Dakika ya sita, nje, sauti ya mama mtu mzima ikapiga hodi.

Naijua sauti hiyo. Ni mama mkwe wangu, wa Maore. Mke wangu alikuwa amekwenda msibani, nyumba imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu. Mama amefuata ufunguo.

Mzee Kajiru nilishindwa kumwacha nje. Huyu je, aliyenipa mke?

Nilihisi mkono wa Nakijwa ukinishika shati gizani. Hakunivuta, alinishika tu, kama unavyomshika mtoto kando ya barabara. Nikameza neno "Karibu." Lilikuwa na miiba. Nikageukia pazia na kusema, "Shikamoo mama. Samahani, siwezi kufungua."

Halafu akasema, "Marahaba, Baba Neema. Umevaa?"

Nikasema nimevaa. Akauliza kama naumwa. Nikasema siumwi, tunahesabu mwanga, ukiingia mwingine hesabu inaharibika, zimebaki dakika nne. Nilijua nilivyosikika. Miaka ishirini na mitano amevumilia binti yake kuolewa na mwalimu, na sasa mwalimu amejifungia stoo na kuhesabu mwanga gizani.

Nikasikia kiroba kinatua chini, na kiti cha plastiki kikiburutwa. Akasema, "Basi hesabuni. Mimi nakaa hapa."

Akakaa. Baada ya dakika moja nikasikia viatu vya mkuu wa shule, navijua, vinalia. Mama akamwambia hapaingiliki, mkwe wake anahesabu. Mkuu akaanza kujieleza kwamba yeye ni mkuu. Mama akamwambia shikamoo haijasikika. Mkuu akaamkia, viatu vikaondoka. Nakijwa alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamcheza.

Dakika ya kumi. Tukachungulia tunduni, kichwa kwa kichwa.

Jicho la kushoto: maelfu. Jicho la kulia: maelfu. Yote mawili kwa pamoja: saba.

Saba tu. Kama mwanga ungegawanyika tungepata mamia. Hizo saba, Nakijwa alisema, ni za bahati mbaya, mapacha wawili tofauti waliopita karibu karibu. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimekaa sakafuni, na sikumbuki kukaa. Miaka ishirini na zaidi ya kuhubiri, na malaika wamepita mbele yangu, mmoja mmoja, kwa foleni.

Nakijwa akazima macho yote, nikafungua pazia, nikamwamkia mama upya kwa heshima zote na kumkaribisha ndani. Tukalifunga tena, Nakijwa akapunguza leza hadi karibu na hakuna, kisha akaunganisha spika mbili ndogo, ya kushoto na ya kulia, ziwe zinagonga kila fotoni inapofika.

Tik, kushoto. Kimya. Tik, kulia. Tik, kulia. Kimya kirefu. Tik, kushoto.

Nikamweleza mama kwa kirefu, nikaingiza na fuwele. Aliniacha nimalize, halafu akasema taratibu, "Kumbe ni wageni. Kuna milango miwili, na kila mmoja anapiga hodi kwenye mlango mmoja."

Nimefundisha mada hiyo tangu ujana wangu na sijawahi kuisema vizuri hivyo. Nakijwa akaomba arudie, akaandika.

Tulipotoka nje mama akatoa ripoti ya ulinzi wake. Mkuu wa shule, amemrudisha. Mbuzi wawili, amewafukuza. "Na mzee mmoja mwenye chai, naye nimemrudisha," akasema. "Amelalamika kwamba Jumanne ile wewe ulimkaribisha hadi jua likaingia ndani, mkaongea goti."

Nakijwa alikuwa anakunja nyaya. Aliendelea kukunja. Angeweza kuwa hakusikia, na kwa sekunde mbili mimi, mtu mzima, nilipiga hesabu ya kama kweli hakusikia.

Kisha nikachoka kuwa mjinga.

"Nakijwa," nikasema, "haukuwa umeme. Ni mimi. Nilisema karibu."

Akaweka nyaya chini. "Najua, Mwalimu."

Akanifungulia kompyuta na kunionyesha rekodi ya Jumanne ile, sekunde kwa sekunde. Umeme ukicheza, namba zinashuka au zinakatika. Zangu zilipanda kama moto wa makuti, zikagota juu kabisa, zikakaa pale kwa muda wa salamu kamili ya Kipare. Mtu ambaye kazi yake ni kuwakamata wanaochungulia fotoni njiani, nilidhani nitamficha pazia zima.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na kwa nini alinisomea sentensi ile asubuhi. Akaangalia chini, kama zamani alipokuwa hajafanya kazi ya nyumbani.

"Ningeanzaje kukuambia mwalimu wangu kwamba umedanganya?" akasema. "Nilikupa nafasi. Ukaomba sukari."

Mama mkwe alicheka hadi akajishika kiuno. Mimi nilicheka wa mwisho, lakini nilicheka.

Sentensi ya umeme ameifuta mbele yangu. Mahali pake ameandika kwamba jicho moja liliharibika kwa mwanga ulioingia mlangoni, na kwamba shule itahitaji mlango wa kweli na mtu wa kupokea wageni nje. Nikauliza kama ataandika ni nani aliyeingiza mwanga. Akasema hapo atanyamaza, ila mimi nikitaka kunyamaza ni juu yangu. Sanduku linabaki. Jumamosi atapanda basi mikono mitupu, ukiacha kilo tano za mpunga wa Maore alizofungiwa na mama.

Mwisho wa yote mama akanikumbusha, kwa upole, kwamba ufunguo bado uko mfukoni mwangu.

Kesho fundi seremala anakuja kupima fremu, na Mzee Kajiru ameshaomba kiti cha plastiki kibaki pale pale. Jumatatu nitasimama mbele ya kidato cha sita, na kwa mara ya kwanza sitaanza na "wanasayansi wanasema." Nitawazimia taa wasikilize wenyewe, kushoto, kulia, kushoto. Lakini kabla ya hapo nitaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, jinsi jicho moja lilivyopofuka na nani aliyelipofusha. Wakitaka kunisimamisha nusu saa, nitasimama.