Sufuria ya Kimanga Imefika Japani

Wakesho mwanangu, uliyeenda mbali kuliko mtoto yeyote wa mtaa huu,

Barua hii naiandika mwenyewe. Mama Swaleh wa dukani alitaka kunisaidia, eti Kiswahili chake ni cha pwani, kimenyooka. Nikamwambia darasa langu la saba linatosha kumwandikia mtu niliyemzaa.

Unakumbuka ulipokuja kutoka chuo Nairobi ukaniambia unasoma Kijapani? Nilikuwa napanga nyanya pale sokoni Voi. Nikakuuliza, "Sasa hicho utaongea na nani?" Ukajibu, "Na Wajapani, mama." Nikanyamaza, maana ni kweli. Lakini ulipopata skolashipu ya kwenda kukisomea kwao, ukae nao na kujua desturi zao, nani angeninyamazisha? Jumapili hiyo nilikusimamisha mbele ya kanisa uwasalimie watu kwa Kijapani. Ukainama, ukasema maneno yako, na mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi. Nikawauliza, "Mmesikia?" Mama mmoja akaniuliza, "Kwani amesema nini?" Nikamwambia, "Ungesoma ungejua." Na mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa hata neno moja.

Huyo ni Wakesho wa kanisani. Wangu mimi ni yule wa jikoni. Mihogo na maharagwe vikishaiva, unakaa chini, unaikaza sufuria kwa miguu yako miwili iliyozungushiwa matambara isiungue, na mimi navisonga pamoja viwe kimanga, kwa nguvu zangu zote. "Mama, polepole, utanivunja!" Nami nakujibu, "Ukiachilia tunalala njaa." Hukuachilia hata mara moja. Hata mwaka ule wa mtihani wa kidato cha nne ulinishikia sufuria na kitabu kiko magotini.

Tangu uende, sufuria naisukuma kwenye kona ya ukuta. Inazunguka tu. Kimanga changu siku hizi kina madonge. Baba yako anayasukuma kando ya sahani, anakula.

Sasa ile simu ya pale dukani. Mama Swaleh aliniita soko zima likasikia: "Mama Wakesho, mbio! Mwanao yuko kwenye simu, na Japani haingoji!" Nikakimbia na nyanya mkononi. Ukaniambia umepona. Nikauliza, umepona nini? Ndipo ukasema ulipasuliwa apendiksi, na yule mama wa nyumba unayokaa hakuondoka kando ya kitanda chako mpaka ukafungua macho. Nikasema asante Mungu, nikasema mwambie huyo mama asante sana. Kisha ukacheka. Ukasema ulipotoka hospitali ulitamani kimanga, ukamweleza kinavyopikwa, naye akatafuta viazi vitamu vya kwao badala ya mihogo, na maharagwe.

"Nilimshikia sufuria, mama."

Wewe ulidhani laini imekatika, ukawa unaita halo, halo. Haikuwa laini.

Mwanangu, siku uliyopasuliwa mimi nilikuwa sokoni nabishana na watu bei na kucheka. Nilikuwa nadhani mama huhisi, kwamba kitu kitanishika hapa kifuani nijue mtoto wangu ameumwa. Sikuhisi chochote. Nyanya zote ziliisha, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Halafu kwenye simu hiyohiyo ukaniuliza lile jambo. Wanataka kukuongezea skolashipu uendelee na masomo miaka mingine, na unangoja neno langu, ukae au urudi. Nilimwuliza baba yako. "Wewe ndiye mama yake," akasema, akatoka nje. Mama Swaleh naye akasema, "Mwambie arudi upesi, asije akaolewa huko ukapata wajukuu usiowajua hata kuwaamkia!" Tulicheka sana. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Nikikuita, ni mimi nitakuwa nimekutoa kule nilikojivunia mbele ya kanisa zima. Nikikuacha, siku ukiugua tena, mimi nitaambiwa ukishapona. Treni zinazopita hapa Voi zinaenda Mombasa au zinaenda Nairobi. Hakuna inayofika kitandani kwako. Nimeshika kalamu nikuandikie urudi, mkono umekataa. Nimeishika tena nikuandikie ukae, umekataa vilevile. Mimi ambaye kwa maneno hakuna anayeniweza hapa sokoni.

Kwa hivyo uamuzi nimekuachia wewe, na mimi nakuandikia ninachokijua. Mwambie huyo mama viazi visongwe vikiwa moto bado, na maji yamwagwe yote. Maharagwe yaingie kidogo kidogo, asiyatie kwa pamoja. Na asisonge peke yake, sufuria itamzungukia kama inavyonizungukia mimi. Mshikie. Lakini kwanza hicho kidonda kipone, unasikia? Nani alikutuma kukaza miguu na nyuzi ziko tumboni?

Ukirudi, kona ya ukuta nitaiacha, sufuria utaishika wewe. Ukikaa, ukae ukila.

Na kama umeanza kumwita mama, mwite, sikatazi. Ameketi mahali pangu nami sikuwepo. Ila ukitaja mama zako huko, mweleze vizuri kwamba Voi yuko mmoja ambaye watu wamesahau jina alilozaliwa nalo, wanamjua kwa jina lako tu.

Ni mimi huyo,
Mama Wakesho