Bia za Moto Zimekosa Mahali

Jumapili, Miyuji. Upepo tangu asubuhi, na vumbi mpaka kwenye meno.

Leo mume wangu amenichosha. Naandika hapa kwa sababu nikifungua mdomo mbele yake majirani watasikia.

Siku hizi Baba Neema anashinda kwenye simu akisoma habari za biashara ya bia duniani. Waholanzi wanauza wapi, Wajerumani wamepunguza nini, vijana wa Ulaya wamehamia bia isiyo na kilevi. Basi na grosari yetu ndogo imejaa bia za nje, pamoja na hiyo isiyo na kilevi. Watu wa wizarani wanaagiza moja, wanaipiga picha, wanaikalia jioni nzima.

Sawa. Biashara ni biashara.

Lakini jana kaleta friji ya pili, kaiweka pale pale ukutani zilipokuwa kreti za bia za moto. Kila chupa ikaingia kwenye baridi. Mtu aliyezaliwa Dodoma anafanyaje hivyo? Wazee wetu hawanywi bia iliyopita kwenye friji. Hata baba yake alikuwa hivyo hivyo.

Leo wakaja baada ya misa, wazee watano, Mzee Malogo mbele. Hawa ndio waliojaza viti vyetu tulipokuwa hatuna mteja mwingine. Nikawaambia, kwa aibu, kwamba za moto hakuna. Hawakulalamika. Walipokea chupa zao, wakazipanga juani juu ya ukuta wa uani, wakakaa kuzisubiri.

Baba Neema aliona tu chupa zikitoka kwenye friji, akafurahi. Akaninong'oneza kwamba hata wazee wameanza kwenda na dunia.

Nilitamani kumrushia kopo.

Zilipopata joto wakanywa, moja moja tu. Wakati wa kuaga Mzee Malogo alinishika mkono.

"Mwanangu, Jumapili ijayo tutakwenda Msalato. Kuna mama kule bado anaziacha kwenye kreti. Usitufikirie vibaya."

Nikaingia jikoni nikalia, hasira nyingi kuliko huzuni. Mzee wa watu ananiomba radhi mimi, na tuliomkosea ni sisi!

Baba Neema ametoka kwenda kuwasimulia rafiki zake habari za soko la Ulaya. Nimechomoa waya wa friji yake mpya, kisha nimempigia Mzee Malogo. Shikamoo, Mzee. Msiende Msalato. Za moto zipo, friji nzima.