Siku za Mazoezi Ndizo Noor Anaanguka

Mpendwa mshauri, salaam aleikum, naomba msaada wako haraka kwa sababu Jumamosi si mbali na kichwa kimejaa mpaka sijui nishike lipi. Mimi ni Batula wa Bulla Pesa, mtoto wangu Noor ana miaka minne, ana mtindio wa ubongo, miguu imekaza kama kuni, na juu ya hiyo ana kifafa. Kila Jumanne na Alhamisi nampeleka kliniki kunyooshwa miguu, na wallahi ni siku hizo hizo anaanguka kifafa, siku zingine yuko sawa, sasa mama mkwe amekuja kutoka Biliqo akaona kwa macho yake, akasema hao watu wanavuta mishipa mpaka kichwani, afadhali Noor apelekwe Biliqo achomwe magoti na chuma moto vile ngamia anayechechemea huchomwa, na mume wangu Roba anasema mama yake hawezi kukosea, safari ni Jumamosi. Naogopa huo moto, lakini mazoezi pia nimeanza kuyaogopa. Tena kuna kitu sijaambia mtu, dawa ya kifafa inamlaza, na Wendy, yule dada wa mazoezi, alilalamika mtoto akija amelala hafanyi kitu, kwa hivyo asubuhi ya mazoezi simpatii, nangoja jioni. Sidhani hiyo ni shida, ni mara mbili tu kwa wiki. Nimwachie nyanya yake ampeleke?

Batula, waaleikum salaam. Wee mama! Jibu umeliandika kwa mkono wako halafu ukalipita. Siku gani humpi dawa asubuhi? Na siku gani anaanguka? Haya, soma barua yako tena.

Pole, najua ulitaka awe macho afaidike. Lakini Wendy ana mdomo na wewe una mdomo, ilikushinda nini kumwambia ni dawa inamlaza? Mficha maradhi kilio humfichua.

Kuanzia leo mpe dawa kila siku vile daktari aliandika, na usimwongezee kufidia ile uliruka. Kesho, kabla ya kitu kingine, rudi kwa daktari wa kifafa umwambie yote, hata usingizi. Kubadilisha kipimo au saa ni kazi yake, si yako. Wendy naye mwombe saa ambayo Noor huwa macho. Akianguka na kifafa kisimwachie kwa zaidi ya dakika tano, mkimbize hospitali.

Chuma moto, hapana. Miguu inakazwa na ubongo, goti halina kosa. Ila usimtukane mama mkwe. Anampenda mjukuu wake na aliona kweli akianguka, lakini hakuna aliyemwambia kuhusu dawa.

Kwa hivyo kabla ya Jumamosi waketishe yeye na Roba, useme, "Ni mimi niliyemnyima dawa." Watakufokea. Wacha wafoke, watanyamaza. Noor akichomwa, hizo alama ataishi nazo.

Mama Kiugu