Mugisho, Siku Uliyoitafuta Nimeiona

Mugisho, mutoto wa mama yangu,

Ni mimi dada yako, Nsimire. Nimetoka misa ya asubuhi, nimeketi kwenye meza yako, bibi yako, mama Furaha, amenipisha. Ni miezi mitano sasa tangu tukurudishe kutoka hospitali ya Katana ukiwa umefunikwa shuka hata uso. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara kalamu ilisimama kwenye jina lako.

Nikuambie kwanza ya nyumbani. Mutoto wako Furaha amepita darasa la sita. Ule mulango wa jiko uliosema utautengeneza kesho, tunaufunga na kamba, hakuna anayetaka kuugusa. Kule kolezi, shule ya mapadri, wamepata fundi mwingine wa umeme mahali pako. Ni mutu muzuri. Napita karibu naye na ndoo yangu bila kumusalimia, Mungu anisamehe.

Lakini nimekuja kusema juu ya ordinateri, ile kompyuta ya Padri.

Padri Anselme alipotoka likizo Ulaya na ile mashini, pamoja na disketi yenye programu ya mbingu, ni wewe uliyevuta waya zake. Tangu pale, kila Jumamosi ukimaliza kazi haukurudi tena nyumbani kula. Ndani ya kioo ulikuwa unaenda sayari ya Saturne, unazunguka pete zake, kisha unasimama mwezini unatuangalia sisi. Bibi yako aliwaambia majirani, "Bwana wangu iko na safari mingi, lakini hata zawadi haleti."

Siku moja nilikuwa nasugua chumba cha walimu, ukanikamata mukono: "Dada, kuya uone! Dunia iko ndogo sawa haragi, na sisi wote tuko ndani, na maneno yetu yote!" Nje ilikuwa saa nane ya mchana, jua kali, na kwenye kioo kulikuwa nyota tele. Zilikuwa nzuri, Mugisho. Sikukuambia. Nilifanya ishara ya musalaba, nikasema mambo ya nyota ni ya wafumu na waganga. Ukacheka: "Dada, mufumu anaomba kuku. Hii inaomba tu umeme."

Kisha ukaniomba lile jambo. Programu ile iliweza kuonyesha mbingu ya siku yoyote ya zamani, nawe ulitaka kuona mbingu ya siku uliyozaliwa. Lakini siku yenyewe haukuijua. Kwenye karatasi zako zote, ubatizo, ndoa, hata kitambulisho, karte ya citoyen, waliandika "vers", yaani karibu na mwaka fulani, kama mutu aliyeokotwa njiani. Baba na mama walikwisha kwenda. Nilibaki mimi. "Dada, ulikuwa na miaka saba. Haukumbuke hata kitu kimoja? Mvua? Mwezi?"

Nikasema sikumbuki.

Nilikudanganya. Nakumbuka yote. Tulikuwa kwenye shamba la maharagi kule Mudaka, mchana ukielekea saa kumi, mama akashikwa na uchungu katikati ya mistari. Halafu jua likaanza kuliwa upande mumoja. Baridi ikaingia. Likabaki jembamba sawa ukucha, kuku wakarudi kulala, wanawake wakatupa majembe wakakimbia wakilia. Tulibaki mama, nyanya na mimi, na ukazaliwa. Nyanya akasema watu wataita huyu mutoto aliyekula jua, na kila ng'ombe atakayekufa kijijini itakuwa kosa lake. Ndiyo sababu mama alikuita Mugisho, baraka, awafunge midomo. Kwa katekista alisema ulizaliwa wiki zingine, hajui gani. Na mimi alinishikisha rozari yake, akaniapisha: usimwambie mutu, hata yeye mwenyewe. Nilishika neno hilo miaka na miaka, mpaka nikadhani kulishika ni kumushika Mungu.

Baada ya mazishi Padri alinipa daftari lako. Nilifikiri ni la mambo ya waya. Nikakuta siku. Kila Jumamosi ulijaribu siku mpya, ukaangalia mbingu yake, ukaandika pembeni. "Hapana." "Hapana, sisikii kitu." "Hii nzuri, lakini hapana." Eti ukiiona utaijua! Ni kurasa kumi na mbili, Mugisho. Na chini kabisa: "Nitauliza Dada tena, pole pole."

Haukuniuliza tena. Homa ilikuja wiki ile.

Nilienda kuungama. Padri akasema, "Maman Nsimire, kiapo cha kumuficha mutu maisha yake mwenyewe, hicho hakikufungi." Kisha akaniambia nije Jumamosi.

Nikakaa kwenye kiti chako. Nilimueleza jua, kuku, majembe, na umri wangu wakati ule. Akatafuta ni lini jua lilifunikwa huku kwetu. Chai yake haikupoa, alikuwa ameipata siku. Lile ulilolitafuta kwa kurasa kumi na mbili, kinywa changu kilikuwa nalo tu, ningekifungua kidogo.

Kwenye kioo niliona ule mwezi mweusi ukiingia pole pole juu ya jua. Padri alinionyesha kivuli chake, jinsi kilivyopita juu ya nchi nyingi siku ile, juu ya mashamba ya watu wasiotujua. Hakuna mutoto aliyekula kitu. Mama yetu masikini! Alikufa bado anakuogopea.

Kisha Padri akaendesha saa mbele, jua likaanza kutoka. Na hapo, ndugu yangu, kilinirudia kitu ambacho hata mama hakuwahi kukisema. Wewe haukulia gizani. Ulikuwa kimya, nyanya akikupiga mugongo, tukadhani umekufa. Mwangaza uliporudi juu ya majani ya maharagi, jogoo mumoja akawika, na wewe ukalia. Nililia mbele ya Padri kama mutoto, naye akazima kioo.

Tarehe nimeiandika ndani ya Biblia yako, na Furaha ameisoma kwa sauti. Aliuliza kwa nini sikukuambia.

Nisamehe. Wewe unaniona kutoka huko, na sasa hauhitaji mashini. Mwenyezi Mungu aliyezipanga zile nyota akupokee bila "vers" yoyote.

Nenda salama, Mugisho wangu. Siku tutakapomaliza matanga, mwaka wako ukitimia, wazee wote wa Mudaka watakuwepo, hata wale waliotupa majembe wakiwa wasichana. Nakuahidi nitasimama katikati yao, nitaje siku, nitaje saa, niseme: ndugu yangu alizaliwa mchana, jua likirudi, na mimi nilikuwepo.

Dada yako,
Nsimire