Kura Yangu Juu ya Vita

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepoa. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio hautulii. Naandika, nasimama, nazunguka chumba, narudi kukaa. Unanijua, ulisema hata tumboni sikuwahi kutulia.

Utakuwa umesikia redioni kwamba Rais alikuja bungeni kuomba idhini ya vita na fedha zake. Mara ya kwanza alivusha askari mpakani akasema ni dharura. Mara ya pili akasema ni mazoezi. Kila mwaka fungu la jeshi linanenepa, na zahanati ya jimboni kwetu haina paa. Katiba inasema wazi: jeshi halivuki mpaka kabla Bunge halijakubali. Safari hii alituhakikishia kwamba hakuna askari hata mmoja aliyevuka. Nilimwamini, mama. Ni mwenyekiti wa chama changu, na kwenye kampeni alininadi mwenyewe. Nawe ulikuwa na amani, maana mdogo wangu, askari wetu, aliondoka akisema anakwenda mafunzoni.

Asubuhi ya kura, Waziri wa Ulinzi alinikuta kwenye foleni ya chai, mkahawani mwa Bunge. Alijua nasitasita, akanivisha kilemba cha ukoka: dada wa shujaa, fahari ya chama. Lakini ulimi hauna mfupa. Akanipongeza kwamba kikosi cha mdogo wangu ndicho kilichotangulia kuvuka, na wiki ya tatu sasa wanapigana vizuri. Alitaka kunilainisha, kumbe amemuumbua bosi wake. Nikatoka kwenye foleni.

Nilimpigia mdogo wangu mpaka akapatikana. Yule yule aliyekuwa akimkimbia jogoo, mama, sauti yake imekuwa nzito. Hakukana. Alisema risasi wanagawiana, na fedha zikikwama watakwama wao.

"Dada, sema ndiyo. Ya Katiba mtagombana nikisharudi."

Kwetu kura hupigwa kwa sauti: karani anaita jimbo, unasimama, unasema. Lilipoitwa letu, nilikawia kusimama. Niliona kwamba nikikubali, kila rais atapeleka watoto wa watu kwanza, kisha atuambie maji yakimwagika hayazoleki. Nikasimama, nikaeleza aliyoniambia Waziri, ukumbi ukachafuka. Kisha nikasema, "Siyo."

Hoja ilianguka. Sasa sheria inamtaka Rais awarudishe vijana. Yeye yuko kimya, na simu ya mdogo wangu haipatikani tangu jana.

Dereva anakuletea barua hii kwa mkono, kwa sababu kwenye simu ningelia, na sitaki uyasikie kwa majirani. Mwanao yuko vitani, na mimi ndiye niliyemnyima alichoniomba. Sijutii, mama, lakini naogopa sana. Akirudi, nitamwomba radhi mbele yako. Asiporudi, nitakuja mwenyewe, na utakachoniambia nitakipokea.

Msalimie shangazi na wote wa hapo nyumbani. Mwambie dereva asubiri jibu lako, hata likiwa neno moja.

Wako,
Mwanao wa kwanza