Neno Moja Kwenye Hesabu ya Maziwa ya Jioni

Naivasha, Jumapili jioni, mwezi wa Julai. Huu ni mwaka wa kumi na nane tangu tutoke Eldoret, na wa tatu tangu tukuzike.

Mpendwa Mama Njeri,

Kiprono alinipigia simu wiki iliyopita. Ni yule kijana wa kule Ziwa, nje ya Eldoret, uliyempigia simu ukimfundisha kuandika programu za kompyuta, na sasa ndiye anayesimamia ile yetu ya kuhesabu maziwa ya wakulima. Alikuwa na habari njema: chama cha wakulima kimepata wafadhili, na siku ya uzinduzi wanataka niende nisimame mbele ya watu, jina lako litajwe. Nilitoa lile koti langu zito kabatini nikalianika. Unaijua baridi ya kule.

Ndipo akasema, "Lakini Mzee, kuna kitu kidogo. Wafadhili watasoma historia ya programu, kila badiliko na maelezo yake. Tunataka kuisafisha."

Nilicheka, kwa sababu hakuna aliyeitunza ikiwa safi kukushinda. Unakumbuka meza yetu ya Kapsoya, pale Eldoret? Mimi nilikuwa nafanya kazi siku nzima, halafu naingiza kila kitu kwa mara moja na kuandika "marekebisho mbalimbali". Uliyakataa. "Baba Njeri, hii ni historia ama ni gunia la mahindi? Badiliko moja, sababu moja." Nikakuambia unanichunga kama mtoto wa darasa la pili. "Wa darasa la pili anaandika vizuri kuliko wewe," ukanijibu.

Sheria yako ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Rasimu zako zipange upendavyo kabla hujazituma, lakini wenzako wakishazichukua, usiziguse. Ukikosea, ongeza badiliko jipya la kurekebisha, na kosa libaki likionekana.

"Ni neno moja tu, Mzee," Kiprono akasema.

Nililijua kabla hajalisoma. Baada ya ule uchaguzi, majirani walipotupa hadi jioni tuwe tumeondoka, uliifunga kompyuta kwa blanketi la Njeri. Wiki kadhaa baadaye, katika chumba hikihiki cha kupanga, ulirekebisha hesabu iliyokuwa ikiwapunja wakulima wa kulekule tulikotoka. Ukaandika: "Jumla ya maziwa ya jioni sasa ni sahihi. Tumefukuzwa."

Ndilo badiliko pekee ulilowahi kulichanganya. Nilikutania, "Sababu mbili, Mama Njeri!" Hukucheka. Ulisema tu, "Acha. Wameshalichukua."

"Hilo neno halihusu maziwa," Kiprono alisema. "Kwa sheria ya Mama mwenyewe, halifai kuwa hapo." Alisema kweli, na ndiyo sababu iliniuma. Nikamkumbusha ile sheria ya pili, na kwamba ukigusa badiliko moja la zamani, alama za utambulisho za yote yaliyolifuata zinabadilika, hata za kazi yake mwenyewe.

"Nakuelewa, Mzee. Lakini mimi naishi hapa, na hao majirani."

Nilikataa. Idhini ya kugusa historia ninayo mimi, kwa hiyo hawakuweza kulifuta. Walichukua programu ilivyo leo wakaianzisha upya mahali pengine. Jana niliifungua. Ina badiliko moja, maelezo yake ni "Mwanzo", na jina la mwandishi ni la chama. Mistari yako yote imo, hata ile hesabu ya jioni. Wewe humo.

Historia yako iko kwangu, nzima, na hakuna atakayeongeza kitu juu yake. Huwa naisoma ili nikusikie. "Nimeondoa mstari uliorudiwa. Baba Njeri, usiurudishe." Sijaurudisha.

Labda wewe ungelitoa lile neno, ili utajwe kule Ziwa mbele ya watu uliowahesabia maziwa. Sijui. Wa kumuuliza ulikuwa wewe.

Koti nimelirudisha kabatini. Sitarudi Eldoret.

Mume wako,
Baba Njeri